Vuka, Moza

Kumzar, 3 Novemba 1987

Mdogo wangu Moza,

Natumai barua hii itakufikia ikiwa kavu. Ile yako ya mwisho Murad aliiweka chini ya mbuzi wake, nikaisoma kwa pua kabla ya kuisoma kwa macho. Nimemwambia akirudia nitampiga, naye akanijibu kwamba serikali mbili zimeshindwa kumpiga, mimi fundi wa mashine za boti nitaweza wapi. Unamjua alivyo. Analeta mbuzi kutoka kwenu na kurudi na sigara za huku, na katikati anajiona balozi.

Sisi huku wazima. Mama hajambo, anakula vizuri na anagombana na kila anayepita, na hiyo kwake ndiyo afya. Wifi yako Latifa amejifungua salama mtoto wa kiume. Tumempa jina la marehemu baba, naye keshaanza kulia kwa sauti ya baba, mpaka mama akaitika siku moja akiwa usingizini. Samaki wapo, ila tunavua karibu karibu na miamba. Mbali hatuthubutu tena.

Sasa nisikuzungushe. Vuka, Moza.

Jana nilipanda mlimani nyuma ya nyumba nikatazama bahari. Meli za mafuta zilikuwa zimepangana moja nyuma ya nyingine, manowari mbele yao na manowari nyuma yao, na helikopta juu. Hazina taa, hazina haraka. Redioni wanasema njia hii ikifungwa, nusu ya dunia itakaa gizani na baridi itawaua watu Ulaya. Sikuwahi kujua kwamba Mjapani anawashia taa yake mbele ya nyumba yetu. Sisi tulidhani hapa ni pa kuvulia jodari tu. Na kitu cha thamani kiasi hicho watu hawaachiani hivi hivi, na wewe, mwana wa mama yangu, umekaa pale pale wanapokipakulia. Kisiwa chenu cha Larak sasa kimekuwa jiko la Wairani. Mafuta yanashushwa kwenu, meli kubwa zinakuja kujaza matumbo, na ndege za Iraki zinajua hivyo kama ninavyojua mimi.

Mwambie mumeo Darwesh aombe ruhusa kazini mhame. Asipopewa, tangulia wewe na mwanao Shamsa. Chumba cha uani nimekipaka chokaa na kukiwekea kitanda. Ningekuja kukuchukua mwenyewe, lakini mtu wa huku akionekana kwenu siku hizi anaitwa jasusi, na wa kwenu akionekana huku ni hivyo hivyo. Zamani tulikuwa tunavuka kwenda kula arusi na kurudi siku ya pili. Siku hizi anayevuka bila kuulizwa ni Murad peke yake, kwa sababu mbuzi hawana pasipoti.

Mama anasema hataki barua, anakutaka wewe.

Kaka yako,
Zeid


Larak, 29 Novemba 1987

Kaka yangu Zeid,

Hongera sana ya mtoto. Mwambie wifi Latifa asithubutu kula samaki mkavu mpaka arobaini ipite, na mwambie mama asimpe ushauri mwingine zaidi ya huo, maana mimi nilipojifungua alinipa ushauri mpaka nikapata homa. Nimemtumia mtoto kofia. Ikinuka mbuzi, mlaumu balozi wako.

Huku tunaendelea. Mamamkwe macho yanamsumbua, ulimi haumsumbui. Shamsa amefikisha miaka sita na amepoteza meno mawili ya mbele, anasema ameyatupia baharini ili samaki wapate kutafuna. Shemeji yako Darwesh amenenepa. Kazi yake ni ile ile ya boti ya kamba: meli kubwa ikija, wao wanaipokea kamba na kwenda kuifunga kwenye boya. Wapishi wa melini wanampenda, wanamtupia kila kitu, mkate, makopo, na juzi Mgiriki mmoja kampa birika linalopiga mluzi maji yakichemka. Koti lake la kazi lilichanika kiwiko, nami sikuwa na kitambaa, nikalishona kwa nakshi ya pindo la suruali yangu ya arusi, ile nyekundu na dhahabu. Wenzake wanamwita bibi arusi. Halivui hata jua likiwaka, mshenzi yule.

Usidhani siogopi, kaka. Naogopa. Vioo vya dirisha nimevibandika karatasi za gundi kama tulivyofundishwa, na nikiviangalia nahisi nimejitayarishia jeneza. Ndege zikija hatuzisikii mpaka zimeshapita. Shamsa ndiye anayenitia uchungu zaidi. Birika la Mgiriki likipiga mluzi anadhani ni king'ora, anakimbilia chini ya kitanda na kuziba masikio kwa mikono, na hatoki mpaka baba yake aingie chini huko amvute. Nilitaka kulitupa. Darwesh anasema mtoto atazoea, na chai ya birika hilo ni tamu.

Kuhusu kuvuka, siwezi. Darwesh hapewi ruhusa. Wamewaambia watu wa boti kwamba kazi yao ni vita kama vita vingine, na anayeacha kazi ni mtoro. Na wewe unajua, maana ulisikia kwa mama yule yule niliyesikia kwake mimi: mke wa mtu aliye majini hahami nyumba. Anapotoka asubuhi anaacha moto jikoni, na anaporudi lazima akute moto jikoni. Nikivuka leo, kesho likampata la kumpata, kila mwanamke wa kisiwa hiki atasema Moza ndiye aliyemzimia moto. Na mimi mwenyewe nitasema hivyo.

Basi kiweke chumba chako. Chokaa haiozi.

Moza


Larak, 19 Januari 1988

Kaka Zeid,

Salamu kwa mama, wifi na mtoto. Sisi wazima, ila Darwesh hajarudi tangu Jumanne ya wiki iliyopita.

Ndege zilikuja mchana, boti yake ikiwa imekwenda kupokea kamba. Meli iliungua mpaka jioni. Boti haikuonekana, wala mbao zake, wala watu watatu waliokuwa ndani. Ofisini kwao wanasema tusikate tamaa, huenda waliokotwa na meli ya kigeni, na meli za kigeni zikiokota mtu siku hizi hazithubutu kusimama, zinamshusha bandari inayofuata, hata kama ni Bombay. Hilo si uongo. Mtoto wa jirani yetu Gulpari aliokotwa hivyo mwaka juzi. Mama yake alikwisha kumlilia, na baada ya miezi miwili kijana akaingia mlangoni amevaa suruali ya Kihindi.

Nakuomba kitu kimoja. Wazee wa huku wanasema mwezi huu mkondo wa maji unaelekea kwenu. Uliza Khasab, uliza Fujairah, uliza wavuvi wote. Koti lake ni lile nililokwambia. Kama lipo lolote lililokuja ufukoni, niambie. Mimi si mtoto. Usinifiche, Zeid.

Moto nauchochea, sijauacha uzime.

Moza


Kumzar, 27 Januari 1988

(Hii sikuipeleka. Zeid.)

Moza,

Sikuanza kwa salamu kwa sababu sijui nikusalimie vipi. Mumeo yuko kwetu.

Maji yalimleta Ijumaa, siku tatu baada ya moto ule ambao sisi huku tuliuona kama jua la pili. Alikuwa kwenye ghuba ndogo ya upande wa mashariki, pale tulipokuwa tukiokota chaza. Mimi ndiye niliyemwona. Uso usingemjua, nami sitakwambia zaidi ya hapo. Nilimjua kwa kiwiko. Nakshi yako ilikuwa bado ina rangi zake.

Tulimwosha na kumswalia, kijiji kizima kilisimama. Makaburini hakuna nafasi, unajua kijiji chetu, mlima nyuma na bahari mbele, wafu na wazima tunagawana kiwanja kimoja. Tumemlaza mbele ya nyumba, ubavuni mwa baba, hatua chache kutoka mlangoni. Mama amefunga mlango wa mbele kama desturi yetu, mpaka mwenye msiba aje aufungue kwa mkono wake. Sote sasa tunapita nyuma.

Halafu juzi Murad akaniletea barua yako. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale uliposema nisikufiche naiweka chini. Nisikilize, dada yangu. Nikikwambia, utakaa eda. Nakujua, wewe ni mtu wa kushika sheria kuliko sisi sote. Utajifungia miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumeo, na nyumba hiyo inatazamana na meli zinazopigwa. Nitakuwa nimekupa habari ya kifo na kukufungia ndani ya kifo, vyote kwa barua moja. Lakini nikinyamaza, utachoka kungoja, utamchukua Shamsa na kuvuka. Hapo ndipo nitakwambia, ukiwa umeshakaa ubavuni mwa mama.

Mama anasema nakosea. Anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Latifa analia jikoni. Murad nimemlisha kiapo kwa msahafu, naye amenitazama kama mtu niliyemtukana.

Naogopa. Tangu nimpate Darwesh sijalala usingizi wa kutosha. Nikifumba macho naona maji yanaleta mtu mwingine, mdogo, na


Kumzar, 28 Januari 1988

Mdogo wangu Moza,

Salamu nyingi na pole nyingi. Barua yako tumeipata. Tumefadhaika sana hapa nyumbani.

Nimeuliza Khasab. Nimeuliza Fujairah kwa simu ya kituo cha polisi. Nimeuliza wavuvi. Mpaka sasa hakuna habari. Maji yameleta mapipa na mbao tu. Mungu ni mkubwa, na kama ulivyosema, Bombay ni mbali na barua za Bombay huchelewa.

Hata hivyo usikae hapo. Vuka na Shamsa, hata kwa wiki mbili. Mama hajisikii vizuri. Magoti yamemshika vibaya, siku hizi hapiti hata mlango wa mbele, anapita wa nyuma. Anakutaja asubuhi na jioni. Mtu akitoka Bombay atajua pa kumtafuta mkewe, hawezi kupotea, Kumzar haijahama.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Murad atakungoja siku yoyote utakayosema. Vuka, Moza, nakuomba kama kaka.

Zeid


Larak, 4 Machi 1988

Kaka Zeid,

Mpe mama pole ya magoti. Mwambie ayakande kwa mafuta ya papa, kisha mwambie mwanawe Moza anauliza: tangu lini mwenye magoti mabaya akakimbilia ngazi? Mlango wa nyuma wa nyumba yetu una ngazi za mawe mpaka chini. Ni mimi niliyevunjia jino pale nikikukimbiza, ukasema nimeanguka kwenye boti.

Basi, sitaki kugombana. Nakueleza tu habari za huku.

Mtoto wa kwanza wa Gulpari ametoroka kwenda Qeshm, ameona heri auze vitunguu kuliko kushika kamba. Kazi ya Darwesh wamepewa watu wengine na boti nyingine, nayo kila asubuhi inapita mbele ya nyumba, na Shamsa anaipungia mkono. Amejenga tabia ya kusimama kwenye dirisha la jikoni tangu tunapoamka. Anasema akimwona baba yake atanifichia siri, ili nishtuke. Mamamkwe kila jioni anapakua chakula cha Darwesh na kukifunika kawa. Asubuhi tunakila sisi.

Wiki iliyopita watoto waliona dude limekuja ufukoni, mviringo, jeusi, lina pembe. Walidhani ni boya limekatika. Unajua watoto wetu walivyolelewa: kilicholetwa na bahari ni cha anayekiona kwanza. Wakalifunga kamba walivute mpaka juu wakauze chuma. Shamsa alikuwa mmoja wa wavutaji. Mlinzi mmoja alipiga risasi juu ndipo wakakimbia. Lilikuwa bomu la majini, walilotegewa wapita njia wa dunia, na mwanangu alikuwa akilivuta huku anaimba. Nilimshika mkono nikamburuta mpaka nyumbani.

Na Murad, nini kimempata? Zamani alikuwa haondoki bila vikombe vitatu vya chai na umbea wa pwani mbili. Sasa anaweka kikapu kizingitini, anapiga hodi, nikitoka nakuta mgongo wake. Mara ya mwisho nilimwita, akasema mbuzi wana kiu. Hakuwa na mbuzi.

Unaniambia vuka, vuka. Ningependa kuvuka, Zeid. Mlipuko ukitokea namlalia Shamsa juu, na ninavyomlalia nawaza chumba chako chenye chokaa. Lakini nivuke kama nani? Mke hahami nyumba mumewe akiwa majini. Mjane najua ana njia yake. Mimi sasa si mke wala si mjane, nimekwama katikati kama mbuzi wa Murad. Mtu na aniambie mimi ni nani, nami nitajua la kufanya siku hiyo hiyo.

Sikuulizi zaidi ya hapo. Nakuachia nafasi.

Moza


Kumzar, 30 Aprili 1988

Dada yangu Moza,

Salamu za Ramadhani. Najua nimechelewa, na safari hii kosa si la Murad. Mwanzoni mwa mfungo walipigana baharini mchana kutwa, Wamarekani na wenu, nyumba zetu zilitikisika mpaka vyombo vikaanguka rafuni. Tangu siku hiyo boti yoyote ndogo inayoonekana katikati inapigwa kwanza na kuulizwa baadaye. Murad amefungiwa Khasab na mbuzi wake anawala mwenyewe. Lakini nakuandikia, atakapopata upenyo tu ataileta.

Juzi baada ya tarawehe nilibaki msikitini nikamwuliza khatibu, nikajifanya naulizia mtu mwingine. Nikasema: kuna mwanamke, mumewe amekufa, yeye hajui, na akiambiwa atakaa eda mahali panapopigwa mabomu. Je, si heri asiambiwe mpaka atoke?

Mzee yule alifunga msahafu wake. Akasema, "Nani kakwambia Mungu anataka kumzika pamoja na mumewe? Mjane akiihofia roho yake anaihamisha eda yake, anakwenda kuikalia penye amani. Hata mtoto wa madrasa anajua hilo." Kisha akaniuliza, "Huyo mwanamke sasa anakaa wapi, na anangoja nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona jibu lenyewe. Unamngoja yeye. Mimi nilinyamaza ili uondoke, na wewe umekaa kwa sababu nimenyamaza. Uliniandikia kabisa, uliniambia mjane ana njia yake, nami nikaisoma barua ile kama kipofu, nikaona ngazi na magoti tu, nikaona umenikamata kwenye uongo, nikaogopa kujibu.

Darwesh amekufa, Moza. Alikufa siku ile ile ya Jumanne. Yuko mbele ya nyumba yetu, ubavuni mwa baba. Ndani ya hii nimefunga ile barua niliyokuandikia Januari nikashindwa kuipeleka, utasoma yote humo. Na kile kitambaa kidogo ni nakshi yako. Mama aliikata kabla ya sanda, akaiosha, akasema ina mwenyewe.

Sina la kujitetea. Nilikuwa naogopa kukupoteza, na woga ukaniendesha kama punda. Nitukane utakavyo, lakini nitukane ukiwa hapa. Siku Murad atakapokukabidhi barua hii, usimwache aondoke peke yake.

Mama amekataa kuhama mwaka huu. Watu wanaanza kufungasha kwenda Khasab kwenye mitende kama kila msimu wa joto, yeye amekaa uani, anasema nyumba ina mgeni anayemngoja mwenyewe.

Zeid


Larak, 22 Mei 1988

Kaka Zeid,

Salamu kwa mama, wifi na mtoto. Idi imepita.

Barua yako ya Aprili nimeipata jana. Murad aliingia ndani mara hii. Alikaa mkekani, akaomba chai, akainywa yote huku ananitazama usoni. Alipoweka kikombe chini nilikuwa nimekwisha kujua, barua niliifungua kwa adabu tu.

Nilijua na sikujua, kaka. Ngazi ziliniambia, mgongo wa Murad uliniambia. Lakini mtu wangu mwenyewe alikuwa ameniandikia kwa mkono wake kwamba hakuna habari, na mimi ni nani nimzike mume ambaye kaka yangu hajamzika? Nikasema Zeid hawezi. Zeid alinidanganyia jino, lakini hili hawezi. Nikaendelea kuchochea moto.

Nimehesabu kwa mwezi. Eda yangu imekwisha wiki hii. Uliogopa nisije nikaikalia hapa, basi nimeikalia hapa, yote, siku kwa siku, mbele ya meli zile zile. Tofauti ni kwamba nimeikalia nikimpakulia chakula. Siku ya Idi nilijipaka hina, Zeid. Mjane wa ndani ya eda, hina mpaka kwenye viwiko, ili mume wangu akitokea Bombay anikute nimependeza. Jana nimekaa naisugua kwa majivu na haitoki.

Ungeniambia Januari, ningevuka Januari, mimi na Shamsa na mbuzi wa Murad. Ningelia kwenye boti, ningelia mbele ya mama, na sasa hivi ningekuwa kwenye chumba chako chenye chokaa. Sikulaani, maana kaka ninaye mmoja. Lakini nimekasirika, na sijui hasira hii itaisha lini, nami sitajifanya imekwisha.

Kuna jambo ambalo hujui. Jumamosi kabla ya Idi ndege zilirudi. Zilipiga meli iliyokuwa karibu sana na upande wetu, na meli ilipasuka mara mbili, ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Mimi nilikuwa kisimani. Mamamkwe alikuwa kitandani. Dirisha la jikoni liliingia ndani lote, na fremu yake, na Shamsa alikuwa amesimama hapo hapo, mahali pake pa kila siku, anamtazamia baba yake.

Yuko hai. Amekatika kidogo usoni na mikononi, vidonda vimefunga. Anakula, anacheza. Tulidhani tumepona wote.

Siku ya tatu nikabandika birika la Mgiriki kwa ajili ya futari. Lilipopiga mluzi nikageuka upesi nimzuie asikimbie na vidonda vile. Hakukimbia. Alikuwa amekaa kando ya jiko, karibu kabisa, anamsuka mwanasesere nywele. Birika linalia, na yeye hakuinua hata kichwa. Nikamwita jina. Nikamwita tena, kwa nguvu, mpaka mamamkwe akauliza kuna nini. Kisha nikaenda nikamgusa bega, akashtuka, akacheka.

Daktari wa Bandar Abbas ameniambia sikio moja limekwisha kabisa na la pili hawezi kuniahidi kitu.

Mamamkwe hataki kuondoka. Anasema mwanawe hakuzaliwa Kumzar, na kama amelala huko, ni heri awepo mtu wa kumsubiri na huku. Dada yake atakuja kutoka Qeshm kukaa naye. Nimempa kawa na sahani. Moto wa jikoni nitauzima mwenyewe siku ya kuondoka.

Murad anasema Ijumaa kuna upenyo, manowari zikishapita na msafara wao. Tutakuja chini ya maturubai pamoja na mbuzi. Mwambie mama asihame, na mlango wa mbele asiuguse mtu, nitaufungua mimi.

Wewe ukitungoja ufukoni, utamwona Shamsa atashuka wa kwanza, hajawahi kungoja kushushwa. Atakuwa anaangalia bahari. Usimwite kwa nyuma. Zunguka, usimame mbele yake, aone uso wako kwanza.

Moza